Cheti ni Shahada

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao.

Ama baada ya hayo. Wazee wa pwani walipokusudia Hija walikuwa wakingoja upepo wa kusi, wakapanda jahazi, nalo likawachukua kaskazini kuelekea Bara Arabu. Aliyekosa upepo alirudi nyumbani akangoja mwaka wa pili, wala hakuona aibu, kwani hapana mtu awezaye kuuhonga upepo. Siku hizi chombo ni ndege, na kinachongojewa ni makaratasi: pasipoti, viza, na cheti cha chanjo, na wakati wa UVIKO-19 hata cheti cha kipimo. Na tofauti iliyoko baina ya upepo na karatasi ni moja, nayo ndiyo iliyozua mas-ala haya: karatasi yaweza kununuliwa.

Mas-ala yenyewe ni haya. Mtu amekusudia ibada kwa nia safi, mali yake ni ya halali, na maradhi yameenea ulimwenguni, hata mlango wa safari umefungwa illa kwa mwenye cheti fulani. Cheti hicho hana, wala hawezi kukipata kwa kweli. Je, yajuzu kukipata kwa njia isiyo ya kweli, ili aifikie ibada? Ukiwauliza watu msikitini, wote watasema haijuzu. Lakini ukiyatazama matendo yao, utaona wengi wamekwisha kujibu kinyume, nao hawakutambua ya kuwa wameulizwa.

Na ichukuliwe kwa mfano khabari ya mzee mmoja wa Kisondela.

Kisondela ni kata katika wilaya ya Rungwe, upande wa Tukuyu, kusini ya Mbeya, katika nchi ya milima yenye baridi na mvua nyingi, migomba na chai. Wenyeji wake ni Wanyakyusa, na wengi wao ni Wakristo, kwa kuwa wamishenari walifika nchi hiyo tangu 1891. Waislamu ni wachache. Mtu wa Mombasa au wa Unguja akitaka kuhiji, mtaa mzima humwelekeza: huyu alikwenda mwaka juzi, yule ana ndugu Jidda, wa tatu ajua ofisi ipi ifunguliwe mlango kwanza. Mtu wa Kisondela hana jirani wa kumwuliza. Huenda Tukuyu kwa khabari ya vyeti, hupanda Mbeya, na mwisho husafiri njia ndefu mpaka Dar es Salaam, na kila ofisi humwambia ya kuwa karatasi aliyokuja nayo yahitaji karatasi nyingine iliyobaki nyumbani.

Mzee huyo wa mfano aliweka akiba miaka kumi na moja kwa majani ya chai na kwa kuuza ng'ombe wawili, na fedha zake zilitimia mwishoni mwa 2019, baada ya msimu wa Hija kupita. Akaanza kutengeneza hati zake. Alikuwa na kitambulisho cha Taifa. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wasivyo nacho wazee wengi wa mashamba, ikambidi akiombe. Akakusanya na 150,000, ada ya pasipoti ya kielektroniki iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2018.

Kabla hajamaliza, mlango ulifungwa. Tarehe 27 Februari 2020 Saudia ilisimamisha Umra kwa wageni, na tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kuwa maradhi ya UVIKO-19 yameenea ulimwengu mzima. Hija ya 2020 ikawa ya watu wapatao 1,000 tu, wote wakiwa wakazi wa ndani ya Saudia. Ya 2021 ikawa ya watu 60,000, nao pia wa ndani. Mwaka 2022 mlango ulifunguliwa kwa watu milioni moja, na wa nje wakiwamo, lakini kwa sharti tatu: awe amechanjwa, awe na cheti cha kipimo kilichochukuliwa si zaidi ya saa 72 kabla ya safari, na umri wake uwe chini ya miaka 65.

Na kitambulisho cha mzee wa Kisondela kilisema ya kuwa amezaliwa mwaka 1955.

Ndipo alipokutana na kijana mmoja katika wale wanaojitolea kuwaandikia watu fomu zao kwa malipo. Kijana akamwambia kwa upole: "Mzee wangu, mwaka huu wa 1955 nani aliuona? Hapana cheti, hapana daftari. Ulikisia wewe mwenyewe siku ulipoandikishwa. Basi leo kisia tena. Kula kiapo mbele ya mwanasheria ya kuwa ulizaliwa 1958, kitambulisho kitarekebishwa, nawe Arafa utasimama. Na hayo ya sindano na kipimo usiyaogope. Vyeti vyake vinapatikana bila ya kuchomwa."

Mzee akajibu: "Mwanangu, nipe siku mbili nikafikiri." Akapanda gari, akarudi milimani.

Katika siku mbili hizo, hoja zote ambazo watu huzitoa katika jambo hili zilimpitia. Nazo ni tano.

Hoja ya kwanza husema: makaratasi ni mambo ya serikali, si mambo ya dini. Anayedanganya katika fomu amemdanganya karani, hakumdanganya Mola wake.

Jawabu lake: mwenye kusema hivi hakuitazama Qurani vizuri. Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, katika Suratul Baqara, haikuja kwa khabari za Pepo wala za Moto. Imekuja kwa khabari ya watu wawili wanaoandikiana deni. Humo mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na mashahidi wameamrishwa wasikatae kuitwa, na imekatazwa kudhuriwa mwandishi au shahidi. Basi hati katika Uislamu si jambo la pembeni. Na hati ni nini, illa shahada iliyowekwa katika wino, ili iseme mahali ambapo shahidi mwenyewe hayupo? Mtu aliyetia saini fomu ameshuhudia. Mganga aliyepiga muhuri ameshuhudia. Na imepokewa katika Hadithi sahihi ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa ameegemea akiwatajia masahaba madhambi makubwa kuliko yote, na alipofika kwenye shahada ya uwongo aliinuka akakaa, akaikariri hata waliokuwapo wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Ushirikina aliutaja naye ameegemea. Shahada ya uwongo ndiyo iliyomwinua. Wanavyuoni wamesema ya kuwa sababu si kwamba dhambi hii ni kubwa kuliko ile, bali ni kwamba watu huiona nyepesi, na madhara yake humfikia mtu mwingine.

Hoja ya pili ndiyo aliyoitoa yule kijana, nayo ni nzito kuliko zote, kwani ina sura ya ukweli. Husema: mwaka wa kwanza ni kisio, na mwaka wa pili ni kisio. Hapana ajuaye. Asiyejua akisema hili au lile, yote ni sawa.

Hapa msomaji na asimame kidogo, kwani katika hoja hii ndimo lilimo jambo zima. Kila mtu aliyesoma fikihi kwa madhehebu ya Imam Shafii ajua mas-ala ya kibla. Mtu yuko safarini usiku, mawingu yameziba nyota, wala hapana wa kumwuliza. Amewajibikiwa kujitahidi: atazame upepo, atazame mlima, akumbuke jua lilitua upande gani, kisha aelekee pale dalili zilipompeleka. Akijitahidi hivyo akasali, hana dhambi, hata kama amekosea. Na mtu mwingine akielekea upande wowote autakao bila ya kujitahidi, sala yake haikusihi, hata kama amekipata kibla chenyewe. Ajabu ya hukumu hii ni kubwa: wa kwanza amekikosa kibla na hana lawama, wa pili amekipata na sala yake ni batili. Kwa nini? Kwa sababu mja hakuulizwa juu ya kuipata kweli ambayo imefichwa kwake. Ameulizwa juu ya njia aliyoitafuta nayo.

Na mwaka wa kuzaliwa ni kama kibla. Mzee wa Kisondela alipoandikishwa kwanza, hakuutoa mwaka 1955 hewani. Marehemu mama yake alimhadithia ya kuwa siku ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, yeye alikuwa amekwisha kutumwa kuchunga ndama pamoja na watoto wenziwe, na siku ile ndama wakaingia katika shamba la maharage la jirani kwa kuwa wachungaji wamekwenda kutazama ngoma. Mtoto apewaye ndama hakosi kuwa na miaka mitano, sita au saba. Kwa hesabu hiyo amezaliwa baina ya 1954 na 1956, akachukua wa katikati. Hiyo ndiyo ijtihadi: ana dalili, ana shahidi aliyemwamini, wala siku ile mwaka huo haukuwa na faida wala hasara kwake. Ama mwaka 1958 haukutoka kwa mama yake wala kwa ndama. Umetoka kwa 65. Kijana aliutazama mlango kwanza, akaupima upana wake, kisha akamkatia mzee umri wa kupenya. Mtoto wa miaka mitatu hachungi ndama. Mzee akiapa kwa 1958, amemkadhibisha mama yake aliyeko kaburini ili amridhishe karani.

Basi itambulikane tofauti baina ya asiyejua na mwongo. Asiyejua hutafuta, akasema alipofikia, na akiulizwa husema ya kuwa hana yakini. Mwongo huchagua, kisha akajificha nyuma ya kutokujua kwake. Na huenda wote wawili wakaandika tarakimu zilezile katika fomu ileile, na mmoja awe mkweli na mwingine mwongo. Kwani ukweli wa kiapo hauko katika tarakimu peke yake. Uko katika alichokitazama mtu wakati alipokuwa akiichagua.

Hoja ya tatu husema: dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na Hija ni nguzo ya dini, je, iko dharura kubwa kuliko nguzo?

Jawabu: dharura ni ya mtu aliyebanwa na hana pa kutokea, kama mwenye njaa ya kufa mbele ya nyamafu. Ama Hija, Mwenyezi Mungu ameifaradhisha juu ya mwenye kuiweza njia, na katika kuweza njia wanavyuoni wametaja afya, na chakula cha safari, na kipando, na amani ya njia. Ikiwa njia imefungwa kwa maradhi, au kwa amri ya mwenye nchi inayoendewa, aliyefungiwa hakuacha faradhi. Faradhi haijamfikia bado. Tena katika madhehebu ya Shafii mwenye kuiweza Hija hakulazimishwa aiharakishe mwaka uleule, bali anaweza kuichelewesha kwa azma ya kuitekeleza. Na akifa kabla hajapata nafasi hata moja ya kwenda, hana deni. Na aliyekata tamaa ya kuweza kwa ukongwe au kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, naye ana mali, humpeleka mwingine aliyekwisha kujihijia mwenyewe, akamhijia badala yake. Milango yote hiyo sharia imeiacha wazi. Mwenye kupita dirishani na milango iko wazi hawezi kusema ya kuwa amelazimishwa. Aliyoiita dharura ni shauku, na shauku hata ikiwa ya kitu kitukufu ni shauku.

Hoja ya nne husema: maradhi hayapigi illa kwa idhini ya Mungu, na siku ya mtu haisogei mbele wala nyuma, basi cheti cha chanjo kina maana gani kwa mwenye imani?

Jawabu: hoja hii ni ya zamani, na jawabu lake ni la zamani vilevile. Sayyidna Umar, katika safari yake ya Sham, mwaka wapata 18 wa Hijra, alifika mahali paitwapo Sargh, akapata khabari ya kuwa tauni imeingia nchi ile. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akakata shauri arudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu ya kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja la majani na moja kavu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na Hadithi aliyoisikia kwa Mtume mwenyewe: tauni ikiwa katika nchi, walio nje wasiingie, na walio ndani wasitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarejea Madina. Abu Ubaida alifia Sham katika tauni hiyo, na Muadh bin Jabal pia. Hao walikuwa bora ya watu kwa imani, na hapana hata mmoja katika wao aliyesema ya kuwa imani huondoa hadhari.

Na itazamwe sehemu ya pili ya Hadithi hiyo, kwani watu huikumbuka ya kwanza wakaisahau hii. Aliye nje akizuiwa asiingie, analindwa yeye. Aliye ndani akizuiwa asitoke, wanalindwa wengine ambao hawajui hata kuwa yupo. Cheti cha afya ni tafsiri ya sehemu hiyo ya pili. Humwambia mtu wa mbali asiyemjua msafiri: huyu anayekuja kusimama bega kwa bega nawe hakuletei maradhi, kwa kadiri ijulikanavyo.

Wala jambo hili si la kudhania, kwani limekwisha kutokea. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka wakati wa Hija, kikaua maelfu ya mahujaji, kisha kikafuata njia za warudio mpaka Misri na Ulaya. Mataifa yakakutana Istanbul mwaka 1866 kwa shauri hilo, na tangu 1882 vyombo vya mahujaji vilivyotoka kusini vilikuwa vikizuiwa katika karantini ya kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu. Pwani hii nayo haikusalimika: mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja, na mganga James Christie, aliyekuwako wakati huo, aliyaandika mambo yake katika kitabu kilichotoka 1876. Na karibu zaidi, mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka katika Hija, na mwaka uliofuata mbegu ileile ikaonekana Sudan na Chad, na mwaka 1989 ikapiga Nairobi. Tena mwaka 2000 na 2001 ikazuka ya namna nyingine, na baada yake Saudia ikalazimisha kila haji awe na chanjo ya namna nne za mbegu hiyo. Kila sharti lililoandikwa katika fomu ya Hija lina makaburi nyuma yake.

Basi mwenye kununua cheti bila ya kuchomwa sindano, uwongo wake haukuishia kwa karani. Umeendelea naye mpaka Mataf, ukazunguka Al-Kaaba pamoja naye, begani kwa mzee wa Java na bibi wa Hausa, nao hawana khabari. Hawa ndio alioapa mbele yao. Naye amekwenda kuomba msamaha wa madhambi kwa safari iliyofunguliwa kwa dhambi, na aliowadhulumu hatawajua awaombe radhi.

Hoja ya tano husema: wengi wanafanya, na baadhi ya wenye mihuri ndio wauzaji. Ni kweli ya kuwa katika maradhi haya vyeti vya uwongo viliuzwa nchi nyingi, hata Europol, shirika la polisi la Ulaya, likatoa onyo Februari 2021 ya kuwa vyeti vya kipimo vya kughushi vinauzwa katika viwanja vya ndege. Lakini wingi wa waovu haukupata kuwa dalili ya sharia. Na muhuri wa kweli uliopigwa juu ya khabari ya uwongo ni mbaya kuliko muhuri wa kughushi, kwa kuwa humwondolea kila mtu imani ya mihuri yote. Anayeumia ni maskini mkweli, ambaye cheti chake cha haki sasa hutazamwa kwa shaka.

Hapa lazima isemwe haki ya upande wa pili. Wako walioiogopa chanjo yenyewe kwa khofu ya kweli, wala hawakuwa wajinga. Januari 2021 Rais John Magufuli aliitilia shaka hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, baada ya kufika dozi za kwanza zipatazo milioni moja. Mtu wa Kisondela alisikia kauli mbili kutoka kwa wakubwa wawili katika muda wa miezi sita. Akichelewa kuamua, halaumiwi. Lakini akikataa sindano, na akubali jina la aliyekataa. Ana khiyari ya kukaa nyumbani kwa ukweli wake. Hana khiyari ya kuchukua hati ya aliyekubali. Mkataaji mkweli amejizuilia safari mwenyewe kwa ajili ya alilolisadiki, na huo ni uungwana. Mwongo ametaka heshima ya kukataa na faida ya kukubali kwa pamoja.

Na wenye kutoa hati nao wana deni. Aya ile iliyoamrisha kuandika imekataza kumdhuru mwandishi na shahidi, na kwa mizani hiyohiyo haifai mwandishi naye kumdhuru anayeandikiwa. Karani amwambiaye mzee wa milimani arudi kesho, naye ajua ya kuwa kesho yake ni nauli ya siku mbili, anamsukuma kwa mkono wake mwenyewe kuelekea kwa muuza vyeti. Saa 72 za kipimo zilikuwa kitu chepesi kwa mkaaji wa Dar es Salaam; kwa aliyetoka Rungwe, alipopimwa kabla ya kushuka pwani, saa zake zililiwa na barabara. Mwenye kuweka sharti bila ya kutengeneza njia ya kulitimiza amefungua duka la uwongo, ingawa hakuuza yeye.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo zito kwa nafsi. Mtu ametimiza yote kwa haki: pasipoti, chanjo, nauli, ihramu imekunjwa sandukuni, majirani wamemwaga. Siku mbili kabla ya ndege kipimo kinarudi kusema ya kuwa ana maradhi, naye haoni hata mafua. Hapo kijana wa vyeti hahitaji maneno mengi. Lakini hapo ndipo Hadithi ya Abdurrahman bin Auf inapomhusu mtu mwenyewe: yumo ndani, asitoke. Na imepokewa kwa Bibi Aisha ya kuwa mwenye kukaa katika mji wake wakati wa tauni, akasubiri, akitaraji malipo kwa Mola wake, akijua ya kuwa hapati illa aliloandikiwa, ana ujira mfano wa shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu. Sandukuni mna ihramu isiyovaliwa, na mwenyewe kitandani; naye huenda siku hiyo akawa karibu zaidi na alilolikusudia kuliko aliyepanda ndege kwa cheti cha mwenziwe.

Ama mzee wa Kisondela, baada ya siku mbili alimpelekea yule kijana jawabu ya kuwa mwaka wake ni uleule. Hakumtukana. Alimwambia tu: "Mwanangu, ndama niliwachunga." Hija ya 2022 ikapita, nayo ilihudhuriwa na watu 899,353, yeye hakuwamo. Januari 2023 Saudia ikatangaza ya kuwa sharti la umri limeondolewa, na mlango uliofungwa kwa mwaka 1955 ukawa wazi kwa mwaka huohuo.

Lakini na isidhaniwe ya kuwa ukweli ni biashara, ambayo mwenye kuifanya hulipwa baada ya mwezi kumi. Wako wazee waliosema kweli kama yeye, wakafa kabla ya 2023, akiba zao zikagawanywa katika mirathi. Hao hawakukosa kitu. Walikufa wakiwa na nia ambayo haikuchanganyika na kiapo cha uwongo, na faradhi haikuwa imewafikia. Aliyekosa ni yule aliyefika, akasimama Arafa, akainua mikono yake, na katika mkoba wake mna karatasi inayomshuhudia asiyekuwa yeye.

Kwani siku iko ambayo kila mtu atapewa kitabu chake, naye hatakuwa ameandika yeye herufi hata moja ndani yake, wala hapana karani wa kurekebisha. Mwenye akili na azoee kusoma hati zake za dunia kama atakavyoisoma hiyo.

Mwenyezi Mungu awafungulie njia wenye kukusudia nyumba yake, awape afya, na azifanye ndimi zao na kalamu zao kuwa za kweli. Wallahu aalam. Wabillahi taufiki.